Mke wangu alivyoweka vidonge vya saratani kwenye kopo la mbegu

Wakuu, heshima zenu. Ninayoandika ni kweli tupu. Nikitaka kudanganya ninayo mizani.

Mimi ni mnunuzi wa kahawa, Kanoni huku Karagwe. Gunia nahesabu mara mbili, hata nililofunga mwenyewe.

Mke wangu, Mama Anitha, alifanyiwa upasuaji wa saratani ya titi. Akapewa vidonge vya kuzuia homoni, kimoja kila siku, kwa miaka. Akapona vizuri. Analima, ananigombeza. Nikatulia.

Msimu huu nikafungua kopo la mbegu ya maharage. Juu yake, karatasi imekunjwa. Ndani, vidonge tisa.

Nikahesabu tena. Tisa.

"Mama Anitha, na hivi vinapandwa?"

"Mbegu hailiwi yote, Baba Anitha. Sasa hivi ni mzima. Ugonjwa ukirudi nitaanzia wapi?"

Wakuu, huku kwetu anayekula mbegu yote ndiye mjinga. Ila dawa si maharage. Nikampelekea Anitha ile karatasi.

Binti yetu Anitha anasoma baiolojia chuoni, alikuwa likizo. Akakaa na mama yake wakimenya ndizi.

"Mama, siku ya harusi alikusindikiza nani?"

"Shangazi, wa Bugomora. Alinishika mkono, akaninyoosha shingo, hakuniachia mpaka nikakabidhiwa."

"Basi seli ya saratani kama yako ina protini inayopokea homoni. Hiyo ndiyo bibi harusi, peke yake haikai sawa. Kuna protini nyingine, chaperone, yaani wasindikizaji, hao ndio mashangazi. Wanaishikilia mpaka homoni ifike. Ikifika wanaiachia, inashika DNA, jeni zinasomwa, seli zinaongezeka. Kidonge kinawahi kiti cha homoni. Usipomeza, kiti kinabaki wazi, na mashangazi wanaandaa mabibi harusi wapya kila siku."

Nikajaribu kuomba punguzo. "Si madaktari wawafukuze hao mashangazi?"

"Baba, hata seli nzima zinawategemea. Hapo ndipo watafiti wenyewe wanapohangaika."

Mashangazi wa kula pande zote mbili za harusi. Nawafahamu.

Mama Anitha akamenya ndizi mbili nyingine.

"Kwa hiyo hivyo tisa kwenye kopo havikunilinda hata siku moja?"

"Hata moja, mama."

Kesho yake tukapanda bodaboda kwenda kwa daktari wake, na karatasi yetu mfukoni. Akampima, hakuona tatizo. Akasema aendelee na kimoja kila siku, asimeze viwili kufidia.

Sasa anameza asubuhi kabla ya chai, mimi nimesimama mlangoni.

"Kahesabu kahawa yako huko!" ananifukuza. Naondoka nikitabasamu.

Nilichojifunza: dawa ya kila siku haina akiba. Na kujisikia mzima si ruhusa ya kuacha. Muulize daktari kwanza.

Wenye wagonjwa nyumbani, hebu chungulieni makopo yenu, kisha mje mseme mmekuta nini. Hapa hachekwi mtu.

La kwetu lina maharage tu. Nimeangalia mara mbili.