Miti Iliyolishwa kwa Siri

Kalenda ya kazini ilitundikwa sebuleni, juu ya televisheni, mahali ambapo hata mgeni mwenye haraka angeiona. Ilikuwa na picha moja tu: mdogo wa Utepe amekumbatia shina nene la mti, meno yote nje, kofia ya kazini imekaa upande. Utepe aliipita kila asubuhi akienda kuchemsha chai, na kila asubuhi roho ilimsonga kama aliyemeza tonge kavu.

Utepe lilikuwa jina la kazini, kwa sababu ya utepe wa kupimia unene wa miti usiombanduka kiunoni. Yeye na mdogo wake, ambaye wenzao walimwita Bomba, walifanya kazi katika msitu mmoja wa utafiti, wenye miti laini ya kukua mbio iliyochanganyika na mikangazi ya kukua taratibu. Wataalamu walitaka kujua: hewa ukaa inavyozidi kuongezeka angani, mti upi utanenepa na upi utaachwa nyuma? Basi sehemu moja ya msitu waliizungushia mabomba, wakawa wanaipulizia hewa hiyo mchana kutwa. Hilo lilikuwa duara la Bomba. Sehemu nyingine iliachiwa hewa yake ya kawaida, iwe ya kulinganishia. Hilo lilikuwa duara la Utepe.

Wageni wakija walipelekwa kwenye mabomba. Kwa Utepe walipita wakiuliza choo kiko wapi.

"Dada, leo wamenihoji tena," Bomba alisema jioni moja akivua buti mlangoni. "Wanataka kujua miti yangu inakula nini."

"Ukawaambiaje?"

"Nikawaambia inakula hewa tupu, na bado inanizidi kiuno!"

Watoto wa Utepe walicheka mpaka wakashika mbavu. Watoto wake mwenyewe! Utepe akajifanya anatafuta kifuniko cha sufuria.

Mambo hayo hayakuanzia msituni. Tangu utotoni, nguo mpya zilishonwa kwa Bomba, kwa kisingizio kwamba za dada yake bado nzima. Na aliyemwombea Bomba kazi hiyo ni nani? Si huyo huyo Utepe?

Mtaalamu mkuu, mama mpole aliyezoea kuongea huku akifuta miwani, alimwambia zaidi ya mara moja: "Bila duara lako, la mwenzako halina maana. Tutajuaje kama amenenepa, kama hatuna wa kumlinganisha naye?"

"Ndiyo, mama," Utepe aliitikia. Moyoni alijisemea: yaani kazi yangu ni kuwa mwembamba ili mwingine aonekane mnene.

Siku moja mama huyo aliwaeleza kwamba hewa peke yake haitoshi. Hata ndani ya mabomba, miti laini ndiyo iliyonyakua nafasi, na mikangazi mingine ilibaki kivulini ikinyong'onyea. Isitoshe, chakula cha ardhini kilikuwa kinapungua, na kukua kumeanza kulegea. Utepe hakusikia mengine. Alisikia chakula cha ardhini.

Kuanzia hapo alikwenda kazini na makopo mawili. Moja lilikuwa na chakula chake. Jingine lilikuwa na samadi ya kuku wa nyumbani, limefungwa kwa mfuko mpaka harufu isipate pa kutokea. Wenzake wakienda kunywa chai, alifukua udongo kwenye mizizi ya mikangazi mitatu kati ya mitano aliyokuwa nayo.

"Kuleni, wanangu," alinong'ona. "Na nyinyi muonekane."

Misimu ya mvua ikaja ikapita. Alipozungusha utepe kwenye mkangazi wa kwanza hakuyaamini macho yake. Akabandua gamba lililochomoza, akapima tena. Kisha akakaa juu ya mzizi akacheka peke yake.

Wiki iliyofuata mtaalamu aliwaita bandani.

"Mikangazi ya hewa ya kawaida imeikaribia ya mabomba," alisema, akifuta miwani. "Wakubwa wanauliza, kama ni hivyo, gesi ya nini? Wameamua mabomba yafungwe." Akamgeukia Bomba. "Mwanangu, sina duara jingine la kukupa. Itabidi tukuache." Kisha akamgeukia Utepe. "Wewe jiandae. Safari hii mpiga picha wa kalenda anakuja kwako."

Furaha ilimjia Utepe, tena tele. Akamtazama mdogo wake, akingoja amalizie kwa mzaha wowote. Bomba hakutania. Alikuwa anakwangua tope la buti kwa kidole gumba, kama alivyofanya siku waliyomzika mama yao.

"Hiyo miti nimeilisha," Utepe alisema.

"Umeifanyaje?"

"Mitatu. Samadi ya kuku. Mama, msifunge mabomba ya mtoto wa watu."

Mtaalamu alivaa miwani, akaivua. Hakufoka, na afadhali angefoka. "Sasa hiyo mitatu hailinganishwi tena na kitu chochote," alisema. Akampa kopo la rangi nyekundu na brashi, akaipige misalaba mwenyewe. Iliyobaki ilipohesabiwa upya, ilionekana bado myembamba kuliko ya mabomba, na mabomba yakaachwa yaendelee. Utepe alihamishiwa kwenye kitalu cha miche, na duara lake akapewa, nani tena? Bomba.

Jioni walirudi nyumbani pamoja, na karibu na mlango Bomba akaanza.

"Dada."

"Nini?"

"Mimi mdogo wako, hujawahi kunibebea hata kipande cha mkate. Mti unaubebea kopo zima la samadi!"

Utepe alitaka kukasirika, akashindwa, kicheko kikamtoka pamoja na machozi.

Sasa kalenda mpya iko ukutani. Bomba amesimama kati ya maduara mawili, meno yote nje. Utepe akiipita roho bado humsonga. Lakini makopo yote mawili siku hizi yana chakula, na moja ni la Bomba. Hilo hulijaza vizuri tu, ila si kama lake.