Randa ya Kwenye Boksi

Gwakisa alitumia randa moja kwa miaka thelathini na minane. Ilikuwa ya mbao, imelainika kwa viganja vyake mwenyewe. Mwaka jana alikwenda Tukuyu kumzika kaka yake, akaenda nayo ili amtengenezee jeneza. Wakati wa kurudi ughaibuni anakoishi aliitia kwenye mkoba wa mkononi, kwa sababu hakuwaamini wapakia mizigo. Kwenye ukaguzi wa uwanja wa ndege wakaona kisu cha randa. Kijana mwenye glavu akaitupa randa kwenye pipa, juu ya chupa za maji. Gwakisa alinisimulia jambo hilo kama msiba wa pili, na sikuona kwamba alizidisha.

Ikabidi anunue nyingine dukani. Ya chuma, ndani ya boksi, imefungwa kwa karatasi yenye mafuta, na skrubu ya shaba nyuma ya kupandisha na kushusha kisu. Aliipeleka kwenye benchi lake, katika chumba cha chini cha nyumba yake kule Wheaton, akaanza kulainisha mbao za mwaloni. Alikuwa amewaahidi wenzake wa ibada ya Kiswahili, wanaoazima ukumbi College Park, kuwatengenezea meza ya ushirika.

Randa ikaruka. Akasukuma tena, ikakwama, ikanyofoa nyuzi na kuacha shimo kama punje ya mahindi. Akazungusha skrubu huku, ikapita bila kukata kitu. Akazungusha kule, ikang'ata kama mbwa.

Mtu mwingine angeitukana randa. Gwakisa aliutazama mkono wake wa kulia.

Baba yake, naye fundi seremala, alianza hivyo hivyo. Kwanza aliharibu mbao, na hakujua kwa nini. Kisha kidole gumba kikawa kinacheza chenyewe. Kisha kijiko kikamshinda, na miaka sita ya mwisho alilishwa uji na mkewe. Gwakisa ana miaka sabini na mmoja. Mkewe alishafariki. Nani atamlisha yeye?

Kwa siku nne alijaza kikombe chake cha chai nusu tu, asije akaiona ikimwagika. Binti yake Rosemary alipopiga simu kutoka Columbia Heights, alimwambia meza inakwenda vizuri.

Siku ya tano nilimtembelea pamoja na Mutai, jirani yake Mkenya, fundi wa magari.

“Mzee, hii mbao imeliwa na panya?” Mutai akauliza.

“Nimeila mimi.” Gwakisa hakucheka. “Mkono umekwisha, Mutai. Umekuwa kama wa baba.”

Mutai akachomoa kisu cha randa, akakipitisha juu ya ukucha wake. Kikateleza tu, wala hakikukwaruza.

“Wacha kutuogopesha, mzee. Hii kitu haijawahi kunolewa. Huku wanakuuzia hivi hivi, unajisharpenia.”

“Muuzaji asinoe?”

“Muuzaji gani? Yule wa kaunta hata mbao hajui!”

Gwakisa akakipokea kisu, akakigeuzageuza. Nilimwelewa. Alikonunua ile randa yake ya mbao, Mbeya, muuzaji alikuwa fundi. Alinoa mbele yako, akaijaribu kwenye kipande cha mbao, ndipo akakukabidhi. Kukupa randa butu kungekuwa kukutukana. Ndiyo maana alishuku mwili wake mwenyewe kabla ya kushuku kitu cha dukani. Siku hizi mtu anakuuzia chombo asichokijua, na aibu inabaki kwako.

Akatafuta jiwe la kunolea, akanoa kwa muda mrefu. Akarudisha kisu mahali pake, akabana pumzi, akasukuma.

Mbao ilitoa sauti ya karatasi inayochanwa polepole. Utepe mmoja wa maranda ukatoka, mwembamba kama ganda la kitunguu, tangu mwanzo wa mbao hadi mwisho.

“Si nilikwambia?” Mutai akapiga kelele. “Mkono uko sawa kabisa! Hebu nipatie hiyo utepe nikawaonyeshe watoto.”

Utepe ulilala juu ya mbao. Kitu chepesi namna ile hakifichi mtikisiko wa mkono wa anayekishika, hata ukiwa mdogo vipi. Gwakisa aliutazama utepe. Kisha akautia mkono wake wa kulia mfukoni.

“Chukua mwenyewe,” akasema.