Roda Mpanga Tarehe

Kazi ya Roda ina jina refu kwenye barua ya ajira, lakini ukimuuliza mwenyewe atakwambia kwa kifupi: anapanga tarehe, kisha anazifuta. Kampuni yao iko Chapwa, karibu na mpaka, ghorofani, juu ya duka la matairi, na inatoa magemu ya simu. Vijana wanaunda, Roda anapanga lipi litoke lini, bosi Ferdinand anapangua.

Ferdinand si mtu mbaya, tuseme ukweli. Shida ni kwamba kabla ya magemu alikuwa wakala wa forodha miaka mingi pale mpakani, na forodha haijamtoka mpaka leo. Kule alizoea hivi: malori yamejipanga hadi macho yanachoka kuyatazama, na mzigo unaotangulia ni ule ambao mwenyewe anapiga simu asubuhi, mchana na jioni. Mwenye mzigo akinyamaza, Ferdinand anaamini hana haraka. Ndivyo anavyoendesha na magemu.

Na katika ofisi ile hakuna mkimya kama Enoka. Huyu ni mtoto wa wakulima wa kahawa wa Mbozi, naye aliunda gemu akaliita Msimu. Mchezaji anatunza shamba la kahawa tangu mche hadi kukausha, mvua ikimchokoza na bei ikimchezea akili. Jamani, lilikuwa tamu! Mama anayewapandishia chakula cha mchana alilicheza siku moja mpaka wali ukapoa. Lilitakiwa kutoka uchumaji wa kahawa unapoanza. Mwaka juzi likasogezwa, mwaka jana likasogezwa. Safari hii Enoka alimwambia Roda, kwa sauti yake ile ya mtu aliye kanisani, kwamba likisogezwa tena anarudi kulima, na Msimu basi.

Jumatatu Ferdinand aliingia kikaoni simu ikiwa bado sikioni. Jamaa wa Lusaka wenye gemu la mpira walikuwa wamempigia tena.

"Mpira unatoka kwanza," akasema. "Wale hawanipi hata nafasi ya kupumua. La kahawa lisubiri mwakani. Enoka si hajalalamika?"

Roda alikuwa na la kujibu. Lakini alikuwa amechoka, uchovu ule ambao hata ukilala unaamka nao. Zamani alikuwa akibisha, na kila alipobisha alirundikiwa kazi nyingine juu ya ile aliyonayo. Siku hizi alitaka tu kikao kiishe.

"Sawa, bosi," akasema, akafuta tarehe.

Kisha akaenda kwenye meza ya Enoka kumpa habari. Kijana alisikiliza hadi mwisho, mikono magotini.

"Dada Roda, na wewe ulimwambiaje?"

"Nimwambie nani?"

"Bosi. Ulipolisemea Msimu, ulimwambiaje?"

Roda akapandwa na hasira. Mara ngapi amemhimiza huyu mtu aende mwenyewe akamsumbue Ferdinand, naye anacheka tu na kuinama?

"Gemu lako, Enoka! Ulitakiwa uende wewe!"

"Mimi, nikajisemee?" Enoka alishangaa kweli. "Dada, kwetu ukitaka kuoa, huendi kwa baba wa binti kujisifu. Unamtuma mshenga, wewe unatulia nyumbani. Ukionekana kule umeshaharibu. Mimi nilijua wewe ndiye mshenga wangu. Kila ukitoka kikaoni nilikuwa nasema, maskini, leo tena wamemkatalia, na amepambana."

Roda alitafuta pa kuweka macho. Miaka yote alijiona mtu wa kupeleka habari tu, tarehe kutoka kwa bosi kwenda kwa vijana, na kumbe kuna mtu alikuwa anakaa hapa akimwonea huruma kwa vita ambavyo hakuwahi kupigana. Angeweza kudanganya, na Enoka angemwamini.

"Sikusema kitu, Enoka."

"Leo?"

"Hata siku moja."

Enoka hakugomba. Alitikisa kichwa taratibu, kwa heshima ileile.

"Asante kwa kuniambia, dada," akasema, akachomoa chaja ukutani, akaanza kukunja waya.