Majani Yaliyopigwa na Mvua ya Mawe

Kabichi ile nilijua si ya mkulima wetu kabla hata haijaiva. Nilipoikata ilitoa harufu ya dawa ya kupulizia, na ilipopata moto, povu la kijivu likapanda juu. Nikaipua sufuria, nikamwaga kila kitu kwenye ndoo ya makombo, nikabaki nimesimama jikoni kwangu na mwiko mkononi, natukana peke yangu.

Hapa Tunduma tulikuwa na mpango wetu. Tulikuwa watu wa mtaa mmoja, wengi wafanyabiashara na watu wa malori waliotoka mikoa mingine, wengine wenyeji kama mimi. Kila mwaka kabla ya mvua kuanza tulimlipa mama mmoja mkulima wa Itaka. Yeye analima, na kila Jumamosi kosta inatuletea makapu yetu, kila nyumba fungu lake. Huchagui. Unakula kile ambacho shamba limetoa wiki hiyo. Siku ya kuanzisha mpango, mwenyekiti wetu, mama mwenye duka la mabati na saruji, ndiye aliyepaza sauti kuliko wote. Alisema shamba likipata tumepata wote, likikosa tumekosa wote, na sisi tukampigia makofi.

Na tulikula, nisidanganye. Mvua za kwanza zilituletea mchicha wa porini, ule mdogo wenye shina jekundu, ambao mimi naupika na kitunguu tu na chumvi. Baadaye yakaja majani ya maboga na maua yake. Nilikuwa nakaa mlangoni nayamenya nyuzi, na wanawake wa Zambia waliovuka kuja sokoni walikuwa wanasimama kuniuliza bei ya hiyo chibwabwa, ndivyo wanavyoyaita. Nawaambia siuzi. Wanacheka, wanasema basi tukaribishe. Nayapika kwa karanga za kutwanga, moto mdogo, bila tone la mafuta ya dukani, hadi karanga zenyewe zitoe mafuta yake. Mume wangu, ambaye kwao ni Tanga na alikuja hapa akidhani mboga ni samaki, alikuwa anafuta sufuria kwa tonge la mwisho.

Sasa mwezi wa pili, wakati shamba lake linatakiwa kutoa majani ya kunde, linatuletea kabichi. Na nyanya, katikati ya mvua, ilhali yeye mwenyewe aliwahi kuniambia nyanya zake haziwezi mvua. Mafungu ya majani yaliyokuja nazo yalikuwa yamefungwa kwa vipande vya mpira wa baiskeli, wanavyofunga wachuuzi wa sokoni, wakati yeye hufunga kwa kamba za mgomba. Nikajua tunaibiwa. Huyu mama amekula hela yetu, sasa anatununulia matakataka ya jumla sokoni Mlowo na kutuona mabwege.

Nilifunga cherehani yangu, nikatia kabichi nyingine kwenye mfuko iwe ushahidi, nikapanda gari. Njia nzima nilikuwa napanga maneno. Bodaboda aliyenichukua kutoka barabara kuu alinisemesha mara mbili tatu, akaona bora anyamaze.

Maneno yote yaliniishia pale shambani. Mahindi yalikuwa yamebaki vijiti, majani yamechanwachanwa yananing'inia. Miboga imelala chini uchi, bila jani hata moja. Kunde sikuziona. Upande wa pili wa njia, shamba la jirani lilikuwa zima, kijani kabisa, kana kwamba mvua ile ilikuwa na macho.

Mama mwenyewe alitoka jikoni anajifuta mikono kwenye kitenge. "Mwanangu, mbona hukuniambia unakuja? Karibu, karibu ndani."

"Mama, hapa pamekuwaje?"

"Si ile mvua ya mawe! Mwenyekiti hajawaambia?"

Hakutuambia. Siku ileile mvua ilipokatika, mama alimpigia simu mwenyekiti akamweleza kwamba shamba limekwisha, tusubiri hadi apande tena. Mwenyekiti akamjibu kwamba watu wa mjini wameshalipa, mboga zije, atajua mwenyewe pa kuzitoa. Basi akajua pa kuzitoa. Kila Ijumaa alikuwa anakwenda mnadani anauza kuku wawili watatu, anapita Mlowo ananunua mboga, Jumamosi anazipakia kwenye kosta.

"Kuku wenyewe wameisha," alisema. "Kuna mbuzi, lakini ana mimba. Nilikuwa naomba wiki hii mnivumilie."

Alinikaribisha chakula. Ugali, na kisahani cha chumvi iliyosagwa na pilipili. Kabichi yangu ya ushahidi ilikuwa kwenye mfuko pembeni ya mguu wangu. Niliona aibu, lakini hasira ilikuwa kubwa kuliko aibu, na mara hii ilijua pa kwenda.

Nilipotaka kuondoka aliingia ndani akatoka na kiroba. Kwetu Mbozi mawe yakipiga shamba, wanawake hatukai kulia. Unatoka siku hiyohiyo, matope yamejaa, unaokota majani yaliyoanguka kabla hayajaanza kuoza, unayachemsha, unayakamua, unayafinyanga matonge na kuyaanika juu ya bati hadi yawe magumu. Alikuwa ameokota ya kunde na ya maboga yote aliyoweza. Hakuwa amegusa hata tonge moja.

"Haya ndiyo yenu," aliniambia. "Ndicho shamba lilichotoa. Mwenyekiti nilipomtajia alisema hamli takataka, ndiyo maana sikuyatuma."

Nilibeba kiroba mapajani hadi Tunduma.

Mkutano wetu wa mwezi ulikuwa unafanyika nyumba kwa nyumba, na mara hiyo zamu ilikuwa yangu. Niliyaloweka matonge tangu usiku, nikayachemsha na chembe ya magadi, nikamwaga karanga, nikapunguza mkaa. Sitaki kumsifu mtu ila mboga zile ziliiva. Majani makavu yana ladha nzito ambayo mabichi hayana, inakaa mdomoni. Harufu ilitoka hadi barabarani, madereva waliopaki foleni ya mpakani wakawa wanageuza shingo.

Walikuja, wakanawa, wakala. Mwenzetu mwenye malori aliongeza ugali. Mwalimu wa jirani alinyamaza kabisa, na yule si mtu wa kunyamaza. Mwenyekiti alifuta sahani yake kwa kidole, akasema, "Shoga, hii mboga umeitoa wapi? Niongeze."

Nilimwongezea. Nikasubiri ashike tonge, ndipo nikawaambia. Niliwaambia kuhusu mawe, kuhusu simu, kuhusu kuku. Niliwaambia kwamba mwanamke aliyetulisha kabichi wiki zote hizi anakula ugali kwa chumvi, na kwamba wanachokitafuna ndiyo ile takataka.

Nilitegemea nini? Nilitegemea watu waone aibu. Mwenye malori alikohoa, akasema pole zake, lakini makubaliano ni makubaliano, yeye gari likiharibika njiani mwenye mzigo hamwonei huruma. Nikamuuliza ni makubaliano yapi, yale tuliyoyapigia makofi au aliyoyatunga mwenyekiti kwa simu? Mwenyekiti ndiye aliyejibu, mdomo ukiwa umejaa.

"Sasa unapandisha hasira za nini? Hizi nazo ni nzuri. Mwambie awe anachanganya. Alete hizi kidogo, na zile mbichi aendelee nazo."

Nilinyanyuka nikamchukulia sahani.

"We! Si bado nakula?"

"Naona."

Sikuwahi kufanya kitu cha namna hiyo maishani mwangu, na mama yangu angekuwa hai angenizaba kofi. Kwetu mgeni hata awe adui yako unamwacha amalize. Nilimnyang'anya mwenye malori, tonge lake likabaki hewani. Nikazunguka kwa wengine. Mwalimu alininyooshea sahani yake mwenyewe kabla sijamfikia, nusu ikiwa bado imejaa, macho yake yako chini.

Kwa mkono uliobaki nilipiga simu, nikaweka sauti ya juu wote wasikie.

"Mama, shikamoo. Niko na wenzangu hapa. Usinunue tena mboga. Jumamosi usitume kitu. Na mbuzi usimwuze."

Mama akauliza kutoka Itaka.

"Mwenyekiti amekubali?"

Nilimsogezea simu mdomoni. Chumba kizima kilikuwa kinamtazama, vidole vyao vina mboga na hawana pa kuvifutia. Alimeza kile alichokuwa nacho mdomoni.

"Nimekubali, mama," akasema, kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia ikitoka kwake.

"Haya, asanteni. Mungu awabariki sana." Kisha mama akashusha sauti, akawa ananiuliza mimi, akidhani wenzangu hawamsikii. "Na zile kavu, mwanangu? Nilikuwa na wasiwasi kweli. Wamezipenda?"

Sahani zao zilikuwa zimepangana mkononi mwangu hadi kwenye kiwiko.

"Wamezipenda, mama," nikamjibu. "Wamekula hadi nikawanyang'anya."