Tangazo la Msiba Lililokaa Kimya

Mume wangu alipofariki, niliweka tangazo la mazishi kwenye tovuti ya kanisa letu hapa Busia. Kama ilivyo desturi, nilitengeneza picha yenye sura yake na maua, maneno yote yakiwa ndani ya picha. Kaka yake anayeishi kijijini Petta haoni; simu humsomea tovuti hiyo kila asubuhi, kwa hiyo sikumpigia. Habari alizipata kwa mtu wa bodaboda, akafika kaburi limeshafunikwa.

"Shemeji, mmemzika bila mimi?"

"Tangazo lilikuwepo tangu Jumatatu."

Akafungua tangazo hilo kwenye simu yake mbele ya waombolezaji. Ikasema, "Picha," ikanyamaza.

"Hivyo tu ndivyo ilivyoniambia."

Kesho yake niliyaandika maneno yale chini ya picha, kama maandishi ambayo simu inaweza kuyasoma. Simu ikamsomea tangazo la mazishi yaliyokwisha pita, naye akasikiliza hadi mwisho. Sikuweza kumtazama.