Mkanda wa Kafa Ulaya

Mie ni mtu wa mitumba. Nalisema hilo mapema, mtu asije akadhani najua mambo ya kupanda miamba. Meza yangu iko Tegeta, nauza mabegi na mikanda, na ukinikuta asubuhi sijauza kitu usinitanie, nitakujibu vibaya.

Mama yetu, aliyebaki Masasi, mpaka leo hasemi mtumba. Anasema kafa ulaya. Kwake yeye kila kinachotoka kwenye belo kina mwenyewe, na mwenyewe kafa huko kwao, ndugu wakagawa vitu vyake. Kwa hiyo sie tulilelewa hivi: kafa ulaya haigusi mwili mpaka ilowekwe kwenye dawa ya madoa, ile inayonuka mpaka macho yanatoa machozi, ilale humo, kisha ianikwe juani jasho la marehemu limalizike. Hatukuwahi kuuliza kwa nini. Ndivyo tulivyofua sare za shule, ndivyo nilivyofua shela niliyoolewa nayo.

Mwenye mambo ya miamba alikuwa mdogo wangu wa kike. Nilimchukua kwa mama akiwa darasa la tano, nikamlea hapa Boko, akasoma mpaka akapata diploma ya utalii. Halafu akakaa miaka mitatu kwenye kibanda cha kutuma na kutoa pesa za simu, maana mtalii gani anakuja Boko? Jumamosi moja akarudi viganja vimechubuka, anacheka mwenyewe. Kumbe kule nyuma, kwenye machimbo ya mawe yaliyoachwa, kuna baba mmoja wa Moshi aliyewahi kupandisha wageni milimani, anafundisha watu kupanda kwa kamba, na hataki malipo.

Nilimsema siku hiyo! Nikamwambia watu tumetoka Masasi kuyakimbia majabali, wewe unayafuata. Akaniambia hilo jabali la nyuma ya kwa mama alikuwaga analipanda kila siku akitumwa kuni, na kuni hazikuwa huko juu. Miaka yote hiyo sikujua.

Baada ya miezi kadhaa mwalimu wake akapata nafasi ya kumpeleka mtu mmoja Moshi, kwenye mafunzo kamili ya kuongoza wageni kwenye miamba. Anayemaliza kule anapata kazi, kazi ya kweli, si ya kibanda. Akamchagua mdogo wangu. Sharti lilikuwa moja: kila anayekwenda aje na mkanda wake. Huo mkanda unavaliwa kiunoni na mapajani, mbele una kitanzi kinene, na kamba inafungwa hapo. Ukianguka, hicho kitanzi ndicho kinachokushika. Pale machimboni walikuwa nayo miwili tu, wanavaa kwa zamu. Mpya unaagizwa nje, na bei yake si ya watu wa kibanda na meza.

Nikamwambia asihangaike, mie nafungua mabelo ya mikanda kila wiki, wazungu wanatupa kila kitu. Nilijisifu tu. Lakini nikaanza kutafuta kweli, na wenzangu sokoni nikawachorea kwenye boksi wanitazamie. Na siku moja ukatoka. Ulikuwa wa kijivu, mishono mizima kabisa, chini ya mikoba ya kina mama. Jirani yangu wa meza akauinua juu, akatangaza kwamba hiyo ni chupi ya farasi. Soko zima likacheka. Mie nililia.

Ulikuwa na doa la kahawia kiunoni, nikaliona kama damu. Sasa mtu aliyekufa na mkanda wa kupandia miamba kafa vipi? Hilo ndilo lililonijia kichwani, na mdogo wangu ndiye atakayeuvaa. Sikumwambia kitu, nilitaka kumshtukiza. Nikauloweka kwenye dawa ya madoa, tena niliizidisha, ukalala humo. Nikauanika juu ya bati siku tatu. Doa likatoka lote. Jumapili nikampa, umefungwa kwenye khanga mpya. Aliushika, akauweka usoni, akakaa hivyo kwa muda. Nikadhani analia kwa furaha. Kisha akapiga goti akasema ahsante dada.

Jumamosi iliyofuata akaupeleka kwa mwalimu. Mwalimu akaukagua mshono kwa mshono, akausifu, halafu akauliza umefuliwa na nini. Nyuzi zile, akamwambia, hazitaki kitu kikali. Dawa ya madoa inazila ndani kwa ndani na nje huoni kitu. Ukiguswa na dawa hiyo hata mara moja, ni wa kutupa. Mdogo wangu akarudi nyumbani. Nilikuwa nakuna nazi. Akasimama mlangoni, akaniambia yote aliyoambiwa, taratibu, kisha akaniuliza, "Dada, uliufua na nini?"

Hapo ndipo ningeweza kusema. Nimeirudia dakika ile mara nyingi mno. Niliona aibu, niliona mkanda unatupwa jalalani na safari inakufa, na ule ushamba wangu unasimuliwa machimboni. Na ninapoona aibu huwa nakasirika.

"Sabuni ya mche na maji," nikamjibu. "Kwani mie leo unanifundisha kufua?"

Akasema samahani dada. Akaingia ndani.

Najua mtakachouliza. Ndiyo, niliogopa. Lakini mwalimu, alipoambiwa ni sabuni, aliufunga chini kabisa, karibu na ardhi, akamkalisha humo akimrukisharukisha, ukashika. Jumamosi mbili akaupandia, ukashika. Nikajiambia haya mambo ya wataalamu yamezidi, kama mama alivyofua ndivyo na mie nimefua, na sote tupo hai. Nikaanza hata kulala vizuri.

Jumamosi ya tatu akaniomba niende nikamwone. Nikafunga meza, nikavaa vizuri, nikabeba chapati za kuwagawia. Sikuwahi kumwona akipanda. Jamani, mdogo wangu alikuwa anapanda! Hakuparamia, hakuhema, alikuwa anaweka mguu mahali pasipo na kitu na mguu unakaa. Wenzake chini waliacha chapati wakimtazama. Alipofika juu akageuka kunitafuta, akanipungia mkono. Mwalimu, aliyekuwa ameshika kamba chini, akamwambia maneno anayowaambia wote kabla ya kuwashusha: "Kaa. Uamini mkanda."

Akakaa. Kitanzi kikakatika.

Hakupiga kelele. Mie ndiye niliyepiga.

Nyonga ilivunjika, na mguu wa kulia juu ya goti. Alikaa hospitali muda mrefu, akafanyiwa upasuaji mara mbili, na sasa anatembea na fimbo na akishinda amesimama usiku halali. Nafasi ya Moshi akapewa mwingine. Sikumwonea mtu huyo wivu, nilijionea aibu.

Mwalimu alikuja wodini siku ya tatu. Baba mzima, mikono imejaa makovu, alisimama pembeni ya kitanda akalia mbele ya wagonjwa. Aliniambia kosa ni lake, alipaswa kujua mtumba hauaminiki, bila shaka ulikuwa mkuukuu na yeye hakuona. Akaniomba msamaha mie, kwa kuwa ndiye mkubwa wa mgonjwa. Na mie nikamwambia ni mipango ya Mungu. Nikasema hivyo kwa mdomo wangu huu. Akashukuru. Baadaye nikasikia ameacha kufundisha, na machimboni pameota majani.

Nilikaa na neno hilo mwaka mzima. Sikuwa nakula vizuri, wateja nilikuwa nawafokea, na dawa ya madoa nikiisikia kwa jirani nafunga dirisha. Mwezi uliopita, tukichambua mchele uani, yeye kwenye kiti kwa sababu hawezi kukaa mkekani tena, nikashindwa kuendelea. Nikamwambia yote. Dawa, doa, siku tatu juu ya bati, uongo wangu nikiwa nakuna nazi. Nilimwambia anipige kwa hiyo fimbo kama anataka.

Hakuacha kuchambua. Akatoa kijiwe, akakitupa.

"Niliisikia harufu, dada," akasema. "Siku ileile uliyonipa."

Nikakumbuka alivyouweka usoni. Nikamuuliza, kwa sauti ambayo hata mie sikuijua, kwa nini sasa alipanda, kwa nini hakunibishia, kwa nini hakumwambia mwalimu.

"Ulishasema sabuni," akanijibu. "Wewe ndiye uliyenilea. Ningekwambia unadanganya?"

Sinia likanitoka mapajani, mchele ukamwagika. Akataka kuinama kuuzoa, nyonga ikamkatalia, nikamwambia aache, nitauzoa mwenyewe. Nikauzoa punje kwa punje ili nisimtazame.

Nimempelekea mwalimu ujumbe kwamba nataka kwenda kwake, nina la kumwambia. Hajajibu. Nitakwenda hivyohivyo. Lakini huko ni kwa mwalimu. Hapa nyumbani kila kitu ni kama zamani. Kila asubuhi nasikia fimbo yake ikija koridoni, polepole, mpaka mlangoni kwangu. Anasimama, anashika mlango ili aweze kuinamisha kichwa, na ananiamkia kama nilivyomfundisha akiwa darasa la tano.

"Shikamoo dada."

Na mie naitikia marahaba.