Posa Iliyoulizia Makaburi

Wattaya ya utoto wangu, mtaa wetu wa Maskati, ilinukia matairi mapya. Maduka ya magari yalijipanga kando ya barabara kuu, na kila alasiri wafanyakazi walifungua milango ya vioo na kuyatoa magari nje kuyaosha. Harufu ya mpira na nta ikatufikia vichochoroni, ikakutana na harufu ya kitambaa kibichi kinachopigwa pasi. Hii ya pasi ilitoka kwa Madam Araksi, mshonaji aliyepanga nyumba ya nyuma yetu, Muarmeni wa Halab ya Syria aliyekuja Maskati na mumewe, fundi wa saa. Mabibi harusi wengi wa mtaa wetu walivishwa na mikono yake, na mimi nilipenda kukaa chini ya meza yake nikikusanya pini kwa sumaku. Hapo ndipo nilipoanza kusikia mambo ambayo nyumbani kwetu yalikuwa hayasemwi.

Nyumbani tulikuwa na Bibi, mzaa baba, na wazazi wangu, na Ami Seif, kaka yake baba, ambaye hakuwahi kusema jambo kwa sauti ndogo. Kitinda mimba wao alikuwa Shangazi Zuwena, aliyezaliwa hapa hapa Maskati. Bibi alitoka Unguja baada ya Mapinduzi pamoja na babu, ambaye mimi sikumkuta, Ami Seif kamshika mkono na baba yangu kampakata. Baba yake Bibi na kaka zake wawili walibaki nyuma, na tangu hapo hawakuonekana wala kusikika. Bibi aliyaita hayo "yale mambo", na alipoyataja, mazungumzo yalihamia kwenye bei ya samaki. Kwetu mtu akifa huwekwa matanga, husomwa khitma, kisha matanga yakaondolewa na watu wakarudi kwenye shughuli zao. Bibi hakuwahi kuwawekea watu wake matanga. Alisema haweki matanga ya mtu ambaye hajaambiwa kafa, na ole wake aliyewaita marehemu mbele yake. Mwenye kovu usidhani kapoa, walisema wazee, na mimi mtoto nililiona kovu lile bila ya kujua ni la nini.

Kiangazi kile nilichokuwa na miaka kumi, Shangazi Zuwena alipata mchumba. Shangazi alikuwa karani katika duka moja la magari, na mchumba huyo, Haji, alikuwa mhandisi katika kiwanda kimoja cha Rusayl, nje ya mji, akija pale kushughulikia magari ya kiwanda chao. Alikuwa kijana mpole wa Unguja, mwenye meno mazuri na kanzu isiyokunjika hata kwenye joto lile la kuivisha tende. Kiswahili chake kilikuwa chetu, Kiarabu alikijua, kofia aliivaa kwa mkunjo wa vijana wa hapa. Basi sote tukamchukulia kuwa ni mwenzetu, mtoto wa wale jamaa zetu waliobaki shamba. Hakuna aliyemuuliza. Ami Seif, aliyeweza kukutajia ukoo wa mtu mpaka babu wa saba, safari hii aliridhika na kanzu. Madam Araksi akaletewa kitambaa cha kijani na akaanza kushona.

Siku ya posa Haji alikuja na wazee wawili wa Kiunguja wanaofanya kazi Maskati. Sisi watoto tulikaa ukumbini nyuma ya pazia, tukila halua kwa vidole. Baada ya kahawa, Ami Seif akauliza swali ambalo kwetu huulizwa katika kila posa, akiuliza kwa kutimiza ada tu, maana jibu alidhani analo. "Haya, kijana wetu, nyinyi watu gani?" Haji akataja kijiji chao cha kaskazini, akataja ukoo ambao hatukuujua, kisha akaongeza, kwa fahari ya mtu asiyejua yuko nyumba gani, "Babu yangu bado yuhai. Alikuwamo katika Mapinduzi tangu usiku wa mwanzo." Nilisikia kikombe kikiwekwa juu ya sahani. Nilichungulia, nikamuona Bibi ameutazama mkono wake mwenyewe. Nikaogopa, ingawa hakuna aliyekuwa amekasirika bado.

Ami Seif alikuwa wa kwanza kupata sauti. Akamuuliza Haji kama anajua babu yake aliwafanya nini watu wa nyumba hii. Haji uso ulimshuka, lakini hakuinama. "Sijui, ami. Na mimi n'na swali. Bibi yake babu yangu alinunuliwa sokoni akapelekwa shamba la karafuu. Hilo nalo nyinyi mnaliitaje?" Wageni waliaga kwa adabu na halua ikabaki.

Kuanzia hapo nyumba ilibadilika. Milango iliyokuwa wazi ikafungwa, na televisheni ikapunguzwa sauti ili watu wagombane kwa kunong'ona. Ami Seif alisema yaliyotokea Unguja yalikuwa mauaji ya kimbari, neno ambalo siku zile sote tulilijua kutokana na habari za Rwanda, na mtu hampi binti yake mjukuu wa muuaji wa kimbari. Baba yangu, mtu wa serikali na wa kupoza mambo, alisema yale yalikuwa mapinduzi, siasa, na siasa huua watu kila nchi. Mwanzoni nilidhani wanabishania neno, kama wasomi wanavyopenda. Baadaye nikafahamu kwamba maisha ya shangazi yangu yalikuwa yananing'inia hapo. Likiwa ni siasa, Haji alikuwa mchumba. Likiwa ni kimbari, alikuwa damu ya wauaji. Shangazi Zuwena alipika, akafua, akaenda kazini na kurudi, na hakuna aliyemuuliza yeye analiitaje.

Nguo ya kijani hata hivyo ilikuwa imefika kwenye kupimwa, na Bibi hakuwa mtu wa kumkosea fundi ahadi. Tukaenda kwa Madam Araksi. Wakati anamzungushia Shangazi pini kiunoni, Bibi, ambaye hakuwahi kuyasema yale mambo kwa jirani, akayasema yote kwa Kiarabu chake cha Kiunguja. Madam Araksi alisikiliza bila kusimamisha mikono. Kisha akaeleza ya kwao: bibi yake alivyotolewa nyumbani na askari wa Kituruki, wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, na kuswagwa jangwani pamoja na mtaa mzima, wanaume walivyotengwa na kuuawa kwanza, na majirani zao Waashuri kadhalika, na yeye kizazi cha tatu angali anaambiwa kwamba haikuwa hivyo.

Ami Seif alikuwa amekuja kutuchukua, akasimama mlangoni. Akasema, kwa moyo mweupe kabisa, "Lakini Madam, ile ilikuwa vita. Vita vina mambo yake." Madam Araksi akatoa pini mdomoni. "Na yenu, mwanangu, yalikuwa nini?" Mkuki kwa nguruwe, kwa mwanadamu mchungu. Ami yangu, aliyekuwa akipiga meza wiki nzima kwa ajili ya neno lile, alitazama viatu vyake, na nakiri nilifurahi. Madam Araksi akamgeukia Bibi. Alisema waliowatenda wao wamekufa wote bila kusema, na wamebaki wajukuu wanaobisha na wajukuu wanaolia. "Wa kwenu yuhai," akasema. "Muulize."

Bibi aliwaza siku kadhaa. Hakugusa tambuu yake, na kwa Bibi hilo lilikuwa sawa na mtu mwingine kukataa chakula. Kisha akamwita Haji, akamwambia mbele yetu sote: "Mwanangu, mahari yako sitaki. Nnataka babu yako anambie mwenyewe, kwa mdomo wake, kilichofanyika. Na kama anajua watu wangu waliko, anambie." Haji alisema babu yake ni mzee mkali na hajapata kumhadithia mtu. "Na mie hajapata mtu kunihadithia," Bibi akamjibu.

Simu ilipigwa Ijumaa baada ya alasiri. Haji alibonyeza namba ya Unguja kwenye simu yetu ya sebuleni, akaifungua sauti sote tusikie. Mapazia yalikuwa yameshushwa kwa ajili ya jua na hewa ya chumba ilikuwa nzito, nami nilikaa miguuni kwa Shangazi Zuwena. Sauti ya mzee ilitoka nyembamba, ya heshima. Bibi akamtajia jina la baba yake, duka lake la kanga, mtaa wake, na majina ya kaka zake.

"Siwajui, mama," akasema mzee. "N'sikudanganye. Huwenda n'likuwepo, huwenda sikuwepo. Hatukuwa tukiuliza majina. Tukiuliza mtu gani. Akiwa Mwarabu, basi." Akakohoa. "Serikali ilikuwa ishaanguka zamani. Siye tuliendelea. Hata mtoto." Haji alifunika uso. Mzee akasema kijijini kwao liko shimo analolijua, na asiowajua majina yao wamo. Hakuomba msamaha wala hakujitetea. Bibi alikuwa amekaa wima, machozi yanamtoka na sauti haitikisiki. Akasema, "Ahsante kwa kunambia, baba." Halafu akamwambia Haji, kama mtu anayeuliza habari za sokoni, alete wazee wake wiki ijayo wazungumze siku ya harusi.

Ami Seif alitoka chumbani. Baba akabaki akipangusa miwani yake, maana yule mzee alikuwa amelimaliza bishano lao bila ya kulitaja neno lenyewe. Serikali ilikuwa ishaanguka, na watu waliendelea kuuawa kwa walivyozaliwa. Wiki ile Bibi aliwawekea watu wake matanga. Sebule ilijaa, khitma ikasomwa, na kwa mara ya kwanza nikamsikia akisema "marehemu baba". Alilia, akala, akaitisha tambuu. Nilidhani mabaya yamekwisha.

Siku matanga yalipoondolewa, Shangazi Zuwena alimwambia Bibi kwamba hataki kuolewa. Bibi alidhani anamwonea haya, akamwambia yeye amekwisha samehe, tena ndiye mwenye haki. "Wewe umesamehe, mama, uliyajua miaka yote," Shangazi akasema. "Mie nimeyasikia juzi. Nikimtazama Haji n'nasikia ile sauti. Hata mtoto. Mie n'takuja kuzaa naye mtoto." Bibi alimbembeleza, Madam Araksi akambembeleza, hata Ami Seif, cha kushangaza, akasema kijana hana kosa. Haikusaidia. Nguo ya kijani ilimaliziwa kushonwa na ikavaliwa na binamu yake.

Leo nina umri uliozidi wa Shangazi wa siku zile, na nimesoma vitabu ambavyo nyumba yetu haikuwa navyo. Sina shaka na ya Waarmeni wala Waashuri: watu waliondolewa duniani kwa kuwa ni watu fulani, na hilo jina lake ni kimbari, ajapokataa anayekataa. Ya kwetu wasomi wangali wanabishana, na wanaobisha wana hoja zao, na swali la Haji pia sijapata kulijibu. Lakini mimi nilimsikia aliyetenda. Kila Januari, mwezi wa Mapinduzi, simu zetu hujaa neno lile. Vijana waliozaliwa hapa hapa Maskati wanarushiana picha na matusi, wengine wakibisha na wengine wakitishia, na anayeandika kwa ukali kuliko wote katika kundi la familia yetu ni Shangazi Zuwena, ambaye hakuolewa. Nikisoma anayoyaandika huogopa. Siku zile neno lilituponyoka hata watu waliojua wakiwa hai, sembuse sasa.

Bibi alifariki mwaka juzi. Haji alikuja mazikoni, mvi zimemjaa, akashika jeneza pamoja na Ami Seif. Shangazi alimuona kutoka dirisha la juu, nami nilikuwa kando yake. Alimtazama mpaka wanaume wakapinda kona ya barabara.

"Babu yake yuhai?" akaniuliza.

Nikamwambia alikufa siku nyingi.

"Basi," akasema, akishusha pazia, "hakuna tena wa kumuuliza."